Utupa Umekataa Kufanya Kazi? Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Dawa ya Wadudu wa Maharage

Kila masika, maharage yakishaanza kutandaza majani, naulizwa swali lile lile: "Nimetwanga utupa, nimechuja, nimepiga, na vidukari wapo vile vile. Nimekosea wapi?" Utupa ni mti ambao majani yake hutwangwa kuwa dawa ya wadudu. Wanauliza watu wa Kibosho, wa Machame, wa Usa River. Nikiwaomba wanisimulie walivyofanya tangu kuchuma mpaka kupiga, majibu yanafanana: majani yalianikwa juani, wengine wakayachemsha, wengine wakatia majivu ili "dawa iwe kali", na karibu wote walichuma mti wa kwanza waliouona pembeni mwa njia.

Makosa manne hayo yanatosha kukuachia maji ya kijani yasiyoua hata kidukari mmoja. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na hatua ya pili usiiruke hata kama una haraka.

Vifaa vya robo eka

Kwa robo eka ya maharage, mabomba matatu ya lita 16 hutosha. Andaa:

- Majani mabichi ya utupa, kilo 20 hivi. Yakikauka hubaki kama kilo 5.
- Maji ya mvua, au ya mto yaliyo safi, lita 48.
- Sabuni ya mche ya kufulia, gramu 50. Sabuni ya unga usitumie.
- Ndoo tatu za lita 20 zenye vifuniko. Za rangi nzito ni bora kuliko nyeupe.
- Kinu na mchi vya kazi hii tu. Havirudi jikoni tena.
- Chekeche, na kipande cha kanga kuukuu cha kuchujia.
- Mizani. Ya kuazima dukani inatosha.
- Bomba la mgongoni.
- Glovu za mpira, barakoa, miwani, shati la mikono mirefu na buti.
- Chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana, kunde nzima gramu 400, na kunde zilizoingiwa na fukusi za kupatia wadudu hai, kwa ajili ya jaribio.

Kilo 20 za majani ni mzigo. Kama una kijiti kimoja tu mpakani, hakitoshi. Anza na kitalu cha mboga, na eka nzima isubiri upande miti yako mwenyewe. Namna ya kuipanda nimeiweka mwishoni.

Kinachoua ni nini?

Nguvu ya utupa imo katika kundi la kemikali liitwalo rotenoidi. Katika majani yake hupatikana degwelini, tefrosini na rotenoni yenyewe. Kemikali hizi hufunga njia ambayo seli hutumia kugeuza chakula na hewa kuwa nguvu. Mdudu aliyezipata haanguki papo hapo. Kwanza huacha kula, kisha hulegea, halafu hufa baada ya siku moja au zaidi.

Samaki huzipata kwa urahisi mno kwa sababu huingia mwilini kupitia mashavu. Ndiyo maana wazee walitumia utupa kulevyia samaki, na ndiyo maana leo uvuvi wa sumu ni kosa la jinai. Mtu na mifugo huzifyonza polepole tumboni, na ini huzivunja kiasi. Lakini "polepole" haina maana ya "salama", kama utakavyoona kwenye hatua ya kutwanga.

Mambo matatu ya rotenoidi ndiyo yanayoongoza kazi yote hii: haziyeyuki vizuri kwenye maji matupu, jua huziharibu, na magadi huziharibu. Ukiyashika hayo utajua sababu ya kila ninachokwambia hapa chini.

Hatua ya 1: Hakikisha ni utupa

Utupa unaozungumzwa hapa ni ule mrefu, unaofika mita 2 hadi 4, ambao wataalamu wa mimea huuita Tephrosia vogelii. Uko jamii moja na maharage, na ua lake linafanana na ua la njegere lililokuzwa: jeupe au la zambarau.

Chukua kikonyo kimoja ukishike mkononi. Vijani vimepangika viwili viwili kulia na kushoto, na kimoja kimekaa peke yake nchani. Geuza kijani kimoja: kwa chini kina manyoya laini kama hariri, na mishipa imelala sambamba, imebanana, yote ikielekea ukingoni. Ganda la mbegu limefunikwa manyoya ya kahawia, ukilipapasa ni kama sikio la ndama. Mti usio na ganda la namna hiyo uache.

Hatua ya 2: Pima mti wako kabla ya kuuamini

Watu wengi hukwama hapa bila kujua kwamba wamekwama.

Utupa uko wa aina mbili kwa kemikali yake. Watafiti waliochunguza utupa wa Malawi walichapisha matokeo yao mwaka 2012. Walionyesha kwamba miti mingine ina rotenoidi, na mingine haina kabisa, badala yake ina kemikali za kundi la flavanoni ambazo haziui wadudu. Kwa macho mmea ni ule ule. Jirani anaweza kukupa mbegu kwa moyo mweupe kabisa, ukatwanga misimu mitatu, ukaishia kusema dawa za asili ni porojo, kumbe mti uliopewa haujawahi kuwa na dawa.

Mimi mwenyewe nilipoteza msimu mzima hivyo. Kijiti kilichokuwa nyuma ya banda la ng'ombe kilikuwa kizuri, majani tele, na nilipima kila kitu kwa gramu. Vidukari waliendelea kuzaana. Nililaumu sabuni, nikalaumu bomba, nikalaumu mvua. Mti sikuupima.

Jaribio lenyewe ni rahisi, na linatumia fukusi wa kunde:

1. Chuma konzi nne za majani kutoka mti mmoja tu. Yakaushe kivulini, yatwange, yachekeche.
2. Weka gramu 200 za kunde nzima, zisizotoboka, katika kila chupa.
3. Chupa ya kwanza tia gramu 10 za unga wa utupa, kama vijiko vitatu vya chakula vya usawa. Tikisa mpaka kila kunde ivae vumbi. Chupa ya pili usitie kitu.
4. Tia fukusi hai 20 katika kila chupa. Funika kwa kitambaa, funga kwa mpira, weka kabatini.
5. Hesabu waliokufa siku ya 3 na siku ya 5.

Usisubiri wiki mbili. Fukusi akishakuwa mdudu kamili haishi muda mrefu, kwa hiyo ukichelewa utakuta wamekufa kwenye chupa zote mbili na hutajua lolote. Ile chupa isiyo na dawa ndiyo shahidi wako.

*Mti mzuri:* siku ya 5 wengi kwenye chupa yenye unga wamekufa au wamelala chali wakichezesha miguu, na kwenye chupa isiyo na dawa wengi bado wanatembea. *Mti mbaya:* chupa zote mbili zinafanana. Huo usiuchume kwa dawa. Bado unarutubisha udongo, basi uache ufanye kazi hiyo.

Ukiupata mti mzuri, ufunge kitambaa chekundu ili siku ya kuchuma mtoto asikuletee majani ya mwingine. Kunde za jaribio zifukie. Haziliwi, na kuku usiwape.

Wapo wanaosema wenye ua jeupe ndio wenye nguvu, na wapo wanaosema wa zambarau. Mimi nategemea chupa.

Hatua ya 3: Chuma na kausha kivulini

Chuma majani yaliyokomaa, mabichi, yasiyo na ugonjwa. Vijiti vinene na mizizi viache. Katika utupa mali iko kwenye jani.

Tandaza juu ya mkeka au turubai, unene usiozidi vidole viwili, mahali penye hewa na pasipoingia jua: darini, stoo, chini ya paa la banda. Geuza asubuhi na jioni. Wakati wa joto siku 5 hadi 7 zinatosha. Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka mlimani, zinaweza kufika 12, na hapo tandaza jembamba zaidi maana majani yakirundikana huota kuvu.

Kwa nini kivuli? Jua linalokausha jani ndilo linalovunja rotenoidi. Majani yaliyoanikwa juani siku tatu yanaonekana makavu safi, na hilo ndilo linalowadanganya watu.

*Umefaulu ikiwa:* ukifinya konzi ya majani yanatoa sauti ya karatasi na kusagika, na rangi imebaki ya kijani kilichofifia. Yakiwa ya kahawia, yamepigwa na jua au yamevundika.

Hatua ya 4: Twanga, lakini jikinge

Majani makavu hutoa vumbi jembamba, na rotenoidi zinazovutwa puani ni hatari kuliko zinazomezwa. Mwaka 2000 wanasayansi walionyesha kwamba panya waliopewa rotenoni kwa muda mrefu hupata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Ulaya iliiondoa rotenoni kwenye orodha ya viuatilifu inavyoruhusu mwaka 2008. Sikwambii haya ili uogope kijiti kilichokua karibu nawe tangu utotoni. Nakwambia ili uvae barakoa.

Twangia nje, upepo ukitokea mgongoni kwako. Watoto, mama mjamzito na anayenyonyesha wakae mbali. Chekecha polepole, na unaposubiri vumbi litulie usiinamie kinu.

Unga usioutumia leo weka kwenye chombo kikavu kisichopitisha mwanga, andika SUMU kwa herufi kubwa na tarehe, uweke juu pasipofikika. Usiuweke kwenye kopo lililokuwa la majani ya chai. Nimeliona hilo kwa macho yangu katika nyumba yenye watoto wanne.

Hatua ya 5: Loweka na sabuni, usichemshe

Kwa kila bomba la lita 16:

- Unga kilo 1.6
- Sabuni gramu 16, iliyokunwa na kuyeyushwa kwenye maji kidogo ya vuguvugu, kisha ikapoa
- Maji lita 16

Kipimo hiki ni kilo 1 kwa lita 10. Ndicho kilichofanya vizuri katika majaribio ya maharage yaliyofanyika Lyamungo, hapa hapa Kilimanjaro. Ukipunguza unga ili upate mabomba mengi, utapata mabomba mengi ya maji.

Anza kwa kutia maji ya sabuni kwenye ndoo, kisha unga kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti. Funika, weka kivulini, acha saa 24. Koroga mara tatu au nne katika muda huo.

Sabuni haipo kwa ajili ya kushikisha dawa kwenye jani tu. Rotenoidi hazipendi maji. Bila sabuni sehemu kubwa hubaki kwenye makapi unayotupa. Sabuni huzitoa kwenye jani na kuzifanya zielee majini. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja cha kubadilisha kesho asubuhi, kama mti wako umefaulu jaribio, ningesema sabuni.

Lakini isizidi. Sabuni nyingi huunguza majani ya maharage, na sabuni ya unga ina magadi.

Hapo ndipo na majivu yanapoharibu kazi. Majivu ni magadi, na rotenoidi huvunjika kwenye magadi. Kama unapenda kutumia majivu, yapige siku nyingine. Na ndugu zangu wa upande wa Meru, ambako maji mengine yana magadi ya asili, kingeni ya mvua kwa kazi hii.

Kuchemsha nako hakusaidii. Joto huharibu.

*Umefaulu ikiwa:* maji yamekuwa ya kijani kizito, na ukikoroga juu panabaki povu dogo. Yakitoa harufu ya kuoza, yamekaa mno. Mwaga shimoni uanze upya.

Hatua ya 6: Chuja mara mbili

Chuja kwanza kwa chekeche, kisha kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, ukikamua makapi kwa mikono yenye glovu. Ukichuja mara moja tu, nozeli itaziba katikati ya shamba. Utaifungua, utaipuliza kwa mdomo kama tulivyozoea, na utakuwa umeonja sumu. Beba mswaki wa zamani wa kusafishia.

Makapi yafukie shambani, mbali na mfongo (mfereji wa maji) na kisima.

Hatua ya 7: Piga jioni, chini ya jani

Kabla ya kupiga, chagua mimea 10 ya mistari tofauti, ifunge uzi, na uandike vidukari ni wengi kiasi gani kwenye kila mmoja. Acha mstari mmoja bila dawa. Usipofanya hivyo utabaki kubishana na jirani kwa maneno matupu.

Piga kuanzia saa 11 jioni. Jua limepoa, kwa hiyo dawa inapata usiku mzima wa kufanya kazi kabla haijaanza kuvunjika, na nyuki wamerudi mizingani. Kama wingu la mvua limeshika, ahirisha.

Elekeza nozeli juu kutokea chini. Vidukari weusi wa maharage hujibanza chini ya majani na kwenye ncha changa. Ukipiga kutokea juu unaosha jani tu.

Tumia dawa yote jioni ile ile. Iliyobaki kesho haina nguvu uliyoipima.

Onyo la maji. Usioshe bomba wala ndoo kwenye mfongo. Maji ya mfongo yanapita vihamba vingi (mashamba ya nyumbani), yananyweshwa ng'ombe, yanaingia kwenye mabwawa ya perege huko chini. Kiasi kidogo sana cha dawa hii kinaua samaki wa bwawa zima la mtu. Oshea shambani, na maji ya kuoshea yamwage kwenye udongo mkavu.

Ukimaliza, oga kwa sabuni na ufue nguo peke yake. Ukisikia ganzi mdomoni, kichefuchefu au ngozi kuwasha, acha kazi. Mtu akimeza, usimtapishe. Mpeleke hospitali haraka pamoja na kikonyo cha mmea, wauguzi wajue wanapambana na nini.

Hatua ya 8: Soma matokeo bila haraka

Asubuhi ya kwanza utakuta vidukari bado wapo, na hapo watu hukata tamaa. Subiri.

Siku ya 2 hadi ya 3 rudi kwenye mimea yenye uzi. Tafuta vidukari waliokauka, wa kahawia, waliong'ang'ania jani bila kusogea ukiwagusa kwa unyasi. Tazama na sisimizi. Sisimizi hupanda maharage kufuata utamu wanaoutoa vidukari, kwa hiyo wakipungua kwenye shina, ujue na vidukari wanapungua. Siku ya 5 majani mapya yanayochomoza yawe yamenyooka, hayajajikunja. Linganisha na ule mstari ulioachwa.

Utakuta pia wale mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi bado wapo. Hao hula vidukari. Majaribio ya Lyamungo yaliona kwamba dawa za mimea huwaacha wadudu rafiki wengi kuliko dawa ya dukani waliyolinganisha nayo, na hilo kwangu ni sababu tosha ya kutwanga.

Rudia kila baada ya siku 7 kama wadudu bado wapo. Kwa mboga ya majani au maharage mabichi, mimi huacha walau wiki moja kati ya kupiga na kuchuma, kisha naosha vizuri.

Wadudu ambao utupa hauwafikii

Inzi wa maharage akishataga, funza wake yumo ndani ya shina na dawa ya kupuliza haimfikii. Dawa yake ni kuwahi kupanda na kuinulia udongo shinani. Sota wanaokata miche usiku nao wamejificha ardhini. Kutu na madoa ya majani ni magonjwa, si wadudu.

Kahawa yako kama imesajiliwa kuwa ya kilimo hai kwa soko la nje, usipige utupa kabla ya kuuliza chama chako cha msingi. Na ukifikiria kuuza dawa hii kwenye chupa, fahamu kwamba kiuatilifu chochote kinachouzwa lazima kisajiliwe na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania, ambayo makao yake makuu yako Ngaramtoni, Arusha.

Panda wako

Chukua mbegu kutoka ule mti wenye kitambaa chekundu, maganda yakiwa makavu lakini hayajapasuka. Loweka usiku mmoja kwenye maji maana ganda la mbegu ni gumu. Panda mvua zinapoanza, mbegu mbili kwa shimo, nafasi ya mita moja, mpakani mwa shamba au kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko. Weka mbali na bwawa la samaki.

Miche ikishakuwa na majani ya kutosha, chuma konzi nne kutoka kila mti na urudie jaribio la fukusi. Nyuki hutembea, na mtoto si lazima afanane na mama. Ile itakayoshindwa ing'oe kabla haijatoa maua.